Kabla ya Kuvuta Kamba ya Msumeno wa Marehemu

Ipo siku moja ya ukungu, mwanangu, ambayo hunirudia kila kijana anaponiuliza aanzeje kukusanya misumeno ya mnyororo ya zamani, hizi chenso. Nawe umeniuliza. Nitakueleza namna ya kutazama pistoni na kabureta, maana hayo nayajua, lakini kwanza nisikilize.

Nilikuwa fundi wa injini ndogo hapa Morogoro mjini, nimemaliza kidato cha nne, najiona nimefika. Wenzangu walinunua redio na viatu. Mimi nilinunua misumeno iliyochakaa. Ile ya kale, mizito kama ng'ombe aliyelala, bati lake nene, kelele yake nzito ya kifuani. Chumba changu kilinuka mafuta hata mashuka. Mama mwenye nyumba alikuwa akipita mlangoni akisema, "Wewe utaoa chenso."

Nikasikia kuna mzee amefariki huko Kinole, milimani. Alikuwa mpasuaji mbao, na alikuwa na msumeno wa aina ambayo sikuwahi kuigusa. Nikapanda. Mwanawe, Shabani, alinipokea vizuri, tukaelewana bei bila maneno mengi. Alipokuwa akinikabidhi, alinishika mkono.

"Kaka, kitu kimoja tu. Usiuwashe huku. Mama yumo edani, na mlio wa huu anaujua. Ufikishe mjini, kisha ufanye utakalo."

Nikasema, sawa. Niliitikia upesi kuliko nilivyosikiliza.

Eda unaijua. Mama yule alikuwa ndani, katika nguo zake nyeupe, hatoki wala hapokei wageni. Nilipopita uani sikumwona. Niliona tu pazia likitikisika, na hapakuwa na upepo.

Nilishuka kwa njia ya msituni, msumeno begani. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni mchana ule kiasi kwamba migomba ilionekana vichwa tu. Nilipofika kwenye uwazi mmoja, penye magogo aliyoacha marehemu, mbali na nyumba kwa kadiri ya akili yangu, tamaa ilinishinda. Nilitaka kuusikia. Nilijiambia, nani atasikia huku? Nikatia mafuta niliyokuja nayo, nikavuta kamba.

Uliwaka, mwanangu, kama uliokuwa ukingoja. Nikafurahi kama mtoto. Nikauzima, nikauwasha tena ili nisikie vizuri ulivyokuwa ukipumua. Nilipouzima mara hiyo, mlio haukukoma. Ulitoka mlima wa pili, ukazunguka, ukarudi nyuma yangu, ukapotea polepole. Nikajiambia ni mwangwi.

Kisha sauti ya mwanamke ikaitika kutoka kwenye ukungu.

"Nakujaa! Baba Shabani, usihame, nakuletea chakula!"

Nikaelewa palepale. Na hapa ndipo kosa langu kubwa lilipo, kubwa kuliko kuuwasha. Sikuitika. Niliona aibu, niliona hofu, nikajibanza nyuma ya gogo. Mama wa watu alikuwa akiniita jina la mumewe, na mimi nimenyamaza. Upande ule ilikotoka sauti palikuwa na korongo, nililiona wakati wa kupanda. Nilisikia mawe yakiporomoka. Akaita tena, mbali zaidi, akielekea ulikokwenda ule mwangwi.

Aliyenikuta pale ni dada wa marehemu, shangazi yake Shabani. Alikuja akihema, kanga imelowa umande. Niliropoka, "Shikamoo."

"Shikamoo ya nini, na wewe umechuchumaa kama kuku anayetaga! Wewe ndiye uliyeuwasha?"

"Ndiyo, mama."

"Nimemwita wifi yangu hadi koo limekauka. Hanisikii mimi, anausikia huo. Washa!"

"Mama, nikiwasha si ndiyo..."

"Washa, nimesema! Umemtoa kwa huo, utamrudisha kwa huo. Na usiuzime mpaka afike."

Nikavuta kamba. Nikauacha ulie. Tulisimama tukitazama ukungu, na kwa muda mrefu hapakutokea kitu. Halafu weupe mmoja ukajitenga na weupe mwingine, na alikuwa yeye, miguu inatoka damu, kikapu kichwani, anatabasamu. Shangazi akaniashiria nizime. Nikazima.

Hakunitazama usoni. Alitazama msumeno. Akaketi, akafunua ndizi na maharage, bado za moto, akaniwekea mbele.

"Leo umechelewa kula, baba."

Nikamtazama shangazi. Naye akaninong'oneza kwa ukali, "Kula. Tumtulize kwanza."

Nikala. Nilikula chakula cha marehemu, mwanangu, nimekalia gogo lake, na mkewe akinitazama vidole. Alitazama namna nilivyomega ndizi, akainamisha kichwa. Tabasamu likaondoka taratibu.

"Huyu anakula kama mgeni, wifi," akasema.

"Ni mgeni, wifi yangu. Twende nyumbani."

"Basi na auzime."

Nilikuwa nimeshauzima. Msitu mzima ulikuwa kimya, hata ndege hapakuwa na mmoja.

"Mwambie auzime," akarudia, ameziba masikio kwa viganja. "Auzime jamani."

Tulimshika huku na huku tukapanda naye. Njia nzima aliomba niuzime, na njia nzima msumeno ulikuwa begani mwangu, wa baridi. Niliomba radhi mbele ya wote; Shabani akamwingiza mama yake ndani. Nilitaka kuuacha pale, shangazi akakataa. "Kaa nao. Kila ukiuona ukumbuke." Waliniambia baadaye kwamba hadi anakwenda kaburini, siku za ukungu ilibidi mtu akae naye amshike mikono, maana mlio ule aliendelea kuusikia.

Msumeno upo kwangu, Kihonda. Sijawahi kuutia mafuta tena. Wewe ukija utauona, lakini kamba yake usiiguse.

Sasa shika haya. Anza na msumeno mmoja, usianze na kumi. Vuta kamba polepole. Ikivutika bila kukukatalia, pistoni imechoka. Mwaga mafuta ya zamani kabla ya kitu chochote, na rangi yake ya asili usiifute, maana ndiyo sura yake. Lakini kabla ya hayo yote, uliza nyumbani ulikotoka: nani bado anaujua mlio huu? Kama kuna matanga, rudi siku nyingine. Ukiambiwa usiuwashe, usijipe ruhusa kwa sababu ya ukungu. Na ukikosea, mtu akaita gizani au mchana, itika. Sema, "Si yeye, mama, ni mimi." Itakuaibisha, lakini itamzuia asifike korongoni.

Mungu akupe mikono mitulivu, mwanangu, na masikio yanayosikia watu kabla ya injini. Nyumba utakazoingia zikufungulie kwa heri, na utokapo uziache na amani yake.