Akina Mama wa Kanisa Walivyolipalilia Shamba la Siri la Mume Wangu

Nimeona mengi Tunduma. Nimeona mbuzi akivushwa mpaka akiwa kafunikwa kanga mgongoni kwa mtu, eti ni mtoto anaumwa.

Lakini sijawahi kuona kitu kama umoja mzima wa akina mama wa kanisa, wamevaa vitenge vya sare, wanaimba pambio katikati ya shamba la bangi.

Na mimi nikiwa katikati yao, naimba sauti ya pili.

Shamba lilikuwa la mume wangu. Mimi sikujua.

Haya, sogeeni karibu niwape mkasa wenyewe. Ulitokea Mbebe, huku Ileje, msimu wa mvua uliopita. Mume wangu kanikataza kuuandika, ila simu ni yangu na bando ni langu.

Naitwa Rozi. Ni mtoto wa Tunduma kabisa, nimekulia kando ya foleni ya malori, nauza chai na chapati kwa madereva, nabishana na Wazambia kwa Kibemba cha kuungaunga. Kuhusu kilimo nilijua kitu kimoja tu, kwamba mahindi yakichomwa ni matamu.

Barnaba alikuwa analeta viazi sokoni. Akipita kwangu anakunywa chai, anarudi tena, anakunywa nyingine hata jua likiwa kali. Nikajua huyu hana kiu. Tukafunga ndoa, nikapanda naye milimani kwao, tukampata binti yetu Loisi.

Nyumbani tulikuwa na shamba la mahindi nyuma ya nyumba na kahawa kidogo. Halafu kulikuwa na shamba la ng'ambo.

Hilo la ng'ambo lilikuwa mbali, unavuka kilima, unapita msitu, unashuka bondeni. Barnaba alisema amelima maharage huko. Mimi nilikatazwa kukanyaga. Mara kuna nyoka, mara mteremko mbaya, mara hataki mke wake achoke.

Mwenzenu nikaona hapo nimependwa. Kila nikienda kuchota maji nawasimulia wenzangu kwamba mume wangu ananihurumia nisichoke. Wanaangaliana, wanasema una bahati Rozi, kisha wanainama kujaza ndoo zao.

Nilidhani wananionea wivu.

Sasa niwaambie kabisa, ili mjue tulikuwa kwenye hatari gani. Bangi ya shambani siyo kesi ya kukutwa na msokoto mfukoni. Ikithibitika umeilima, ni jela miaka thelathini. Barnaba akitoka huko, Loisi ambaye wakati ule alikuwa bado anatambaa angekuwa mama wa watoto.

Nikiyafikiria hayo leo, mwili unanisisimka. Wakati ule nilikuwa nacheka tu.

Basi siku moja ya mvua Barnaba akawa anarudi kutoka ng'ambo, akateleza kwenye ule mteremko, mguu ukavunjika. Vijana waliokuwa wanakata kuni wakambeba mpaka barabarani, akapelekwa hospitali. Akafungwa plasta, akaambiwa alale huko kwanza.

Na ilikuwa wakati wa palizi.

Huku kwetu mtu akiugua wakati wa palizi, shamba lake halimsubiri apone. Inatangazwa Jumapili kanisani, halafu akina mama wanakuja kumlimia, kila mmoja na jembe lake. Mwenye shamba anapika. Naye akipona lazima asimame mwenyewe mbele ya kanisa, aeleze alichofanyiwa, ashukuru. Hakuna kutuma mtu wala kushukuru kwa simu.

Jumapili ile mzee wa kanisa akauliza mashamba ya Barnaba yako wapi. Nikasimama na kitenge changu kipya, nikasema kuna la nyuma ya nyumba, ila hilo nitalimudu mwenyewe. Naomba mnisaidie lile la ng'ambo, ndilo analolipenda.

Mtu akakohoa. Mwenyekiti wa kitongoji akaanza kufunua Biblia yake na ibada ilikuwa imeshaisha.

Akasimama Bibi Gwantwa. Huyu ndiye kiongozi wa akina mama, na ndiye aliyemlea Barnaba tangu mama yake afariki. Ni mfupi, mkavu, akiongea hata mchungaji anasubiri amalize.

Akasema tu kwamba wataanza na la ng'ambo, tena wiki hii hii.

Nikasikia raha mpaka machozi yakanilengalenga.

Kesho yake nikapanda bodaboda na chungu changu cha kande kwenda kumwona mgonjwa. Nikamwambia habari njema. Nilitegemea atanishika mkono aseme asante mke wangu.

Barnaba alitoka jasho palepale kitandani.

Akasema msiende. Nikamuuliza kwa nini. Akasema nyoka. Nikamwambia akina mama wako wengi, nyoka atakimbia mwenyewe akisikia zile sauti. Akasema maharage yameingia ugonjwa, yaachwe yafe. Nikamwambia tutayaangalia. Akajaribu kukaa, mguu ukamkumbusha, akalala tena.

Akanivuta karibu kama anataka kuninong'oneza, halafu akatupa jicho kitanda cha pili. Hapo alilazwa mgambo mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri. Hana kazi, hana usingizi, masikio yote kwetu.

Barnaba akaniachia. Akasema basi, nenda salama.

Nikamwambia nesi kwamba zile dawa za maumivu naona zinamchanganya mume wangu.

Siku ikafika, tukaondoka asubuhi na ukungu. Loisi nikamwacha kwa jirani. Njiani nikaona wenzangu wamebeba, pamoja na majembe, vimifuko vya mbegu za maharage, na wengine marando ya viazi vitamu vichwani. Sikujiuliza mtu anaenda kupalilia na mbegu za nini. Mimi nilijua ndiyo utaratibu.

Tukashuka bondeni. Jamani.

Pembeni kulikuwa na mahindi kidogo, membamba, ya kuzugia. Katikati kote kumejaa mmea mmoja, umenifika kifuani, kijani kibichi, majani kama vidole. Umestawi kweli kweli, na harufu yake kali.

Bangi mimi naijua. Kijana wa Tunduma uache kuijua? Ila naijua ikiwa imeviringishwa kwenye karatasi, kwenye vidole vya mautingo wa malori. Ikiwa imesimama ardhini na umande wake, sikuwahi kuiona hata siku moja.

Nikamuuliza Bibi Gwantwa hiki ni nini.

"Gugu," akasema. "Baya sana, mkamwana. Ukiliacha shambani linakuja mpaka nyumbani."

Nikamwonea huruma mume wangu. Yaani mtu anatoka alfajiri kila siku, na magugu yamemshinda kiasi hiki. Nikainama nikaanza kung'oa kwa hasira, kwa niaba yake.

Wale akina mama walifanya kazi siku ile, sijapata kuona. Hakuna umbea, hakuna kupumzika. Nesta, mke wa mwenyekiti wa kitongoji, ndiye alikuwa anaanzisha pambio, na sisi tunaitikia tukiwa tunang'oa. Kijito cha pale chini kilikuwa kimefura kwa mvua. Kila tulichong'oa tukabeba kwa mafungu tukakitupa humo, kikaondoka na maji kuelekea mto Songwe.

Tulipomaliza wakatifua matuta, wakapanda yale maharage na marando. Mchana haujaisha, shamba limekuwa jipya.

Nikapiga picha nikamtumia Barnaba. Nikamwandikia, magugu yote tumemaliza mume wangu, halijabaki hata moja.

Hakujibu. Baadaye nesi alinisimulia kwamba mgonjwa wangu alitoa sauti mpaka yule mgambo akaita msaada.

Maharage yalipoanza kuchungulia tu, likaja gari la askari.

Walikuja na mwenyekiti wa kitongoji. Wakauliza hapa ndipo kwa Barnaba, nikasema ndipo. Wakauliza shamba lake la ng'ambo nalijua. Nikawaambia nalijua sana, twendeni niwapeleke.

Ndugu zangu, niliwapeleka mwenyewe. Tena natangulia mbele, mtoto mgongoni, nawaonyesha pa kukanyaga wasiteleze. Bibi Gwantwa akatokea njiani na kikapu chake, akasema naye anapita upande huo huo.

Tulipofika askari wakasimama wanaangalia matuta. Mkubwa wao akazunguka, akapiga buti udongo, akarudi.

Akaniuliza hapa palikuwa na nini kabla.

"Magugu, afande," nikasema. "Tumeyang'oa na akina mama wa kanisa."

"Magugu gani?"

Mimi nikiulizwa kitu huwa napenda kukieleza vizuri. Nikaanza, ni marefu afande, yananifika hapa, kijani kibichi, na majani yake yamechanika chanika kama...

Nikamwona mwenyekiti amefumba macho.

"Afande, huyo unamuuliza magugu?" Bibi Gwantwa akaingilia, taratibu kabisa. "Huyo ni mtoto wa Tunduma. Nilimpa ulezi wangu apalilie, akang'oa ulezi wote, akaniachia nyasi."

Askari wakacheka. Mkubwa wao akaniuliza kama ni kweli.

Ilikuwa kweli. Ulezi ukiwa mchanga unafanana na nyasi, mwacheni mtu wa mjini. Nikainamisha kichwa nikasema ndiyo afande. Niliona aibu, na nilimchukia yule bibi kwa kunichoresha mbele ya wageni.

Yule mkubwa akafuta macho, akaniambia nirudi nikauze chapati, wakapanda kilima wakaondoka zao. Mwenyekiti alikuwa analowa jasho pamoja na baridi ile ya milimani.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Nikakaa siku kadhaa simsalimii Bibi Gwantwa.

Barnaba akaruhusiwa, akaja na magongo. Kakonda, kapoa, kila nikimwambia habari ya shamba anasema sawa. Jumapili ikafika. Wakati wa matangazo, mzee wa kanisa akamwita.

Akasimama mbele. Akawaangalia akina mama, wao wakamwangalia yeye, hakuna aliyepepesa macho.

Akasema alivunjika mguu. Akasema akina mama wakamwendea shambani, Mungu awabariki. Akashika magongo yake akitaka kurudi kukaa. Bibi Gwantwa akamwambia kutoka kwenye benchi, "Eleza walichokufanyia, mwanangu. Utaratibu unaujua."

"Wali... waliningʼolea magugu," Barnaba akasema.

"Yote?"

"Yote, bibi."

"Na umefurahi?"

"Nimefurahi sana. Nawashukuru sana."

Nesta ndiye aliyeanza. Alijaribu kuzuia, kikatoka kitu kama kwikwi, halafu benchi lote la akina mama likaanguka kicheko. Mchungaji akachukua leso akajifunika uso, mabega yanatikisika. Na mimi nikacheka, maana kicheko kinaambukiza, ila nikaona nacheka bila kujua nacheka nini.

Ibada ilipoisha nikamfuata Bibi Gwantwa nje. Nikamwambia kununa nimeacha, ila nataka kujua kilichokuwa kinachekesha.

Akaniambia yote, palepale, kwa maneno machache.

Kwamba lile gugu ni bangi. Kwamba mwenyekiti wa kitongoji alipigiwa simu kuwa askari wanakuja kukagua mabonde, na yeye awe tayari kuwaonyesha njia. Akamwambia mkewe huku anamwonya asimwambie mtu, na Nesta akaenda moja kwa moja kwa Bibi. Walikuwa wanahangaika wafikeje shambani kwa Barnaba bila kumwaibisha, ndipo mguu ukavunjika, na Jumapili mimi mwenyewe nikasimama na kitenge changu nikawaomba waende.

Nilikaa chini kwenye nyasi.

Nikamuuliza nani mwingine alijua kuhusu shamba lile. Akasema, sema nani hakujua.

Hapo nikalia, kwa hasira kabisa. Nikamwambia hata wewe bibi? Mnaniacha nawapeleka askari kwa mikono yangu, ningemfunga mume wangu bila kujua. Kwa nini hamkuniambia?

Akanifuta uso na ncha ya kitenge chake.

"Tungekuambia," akasema, "ungeweza kumtazama yule afande machoni vile?"

Mimi siwezi kudanganya, nikidanganya shingo yote inalowa jasho na maneno yanagongana. Wale akina mama walinijua kuliko nilivyojijua. Niliwasamehe hapo hapo, na nikaona haya kwa kumnunia yule bibi.

Barnaba ndiye niliyechelewa kumsamehe. Nilimuuliza swali moja tu, kwa nini. Akaangalia plasta yake. Akasema kwamba mimi ni mtu wa mjini, nimezoea taa na kelele, aliogopa maisha ya huku yatanishinda nirudi Tunduma, akataka aninunulie vitu vya kunibakiza.

"Ungenibakiza na nani," nikamwambia, "wewe ukiwa gerezani?"

Alilia, na mimi nililia, na Loisi naye akalia kwa kuona tunalia. Kisha njaa ikatuuma tukala.

Maharage ya ng'ambo tulivuna pamoja. Nilikanyaga kila tuta. Nyoka sikumwona.

Somo langu ni hili, na ninawaambia hasa ninyi mnaoficha mambo ndani ya ndoa. Siku unapodhani umeficha vizuri kabisa, majirani walishajua zamani, na kazi iliyobaki kwao ni kumwonea huruma mwenzako. Mwambieni mapema, angalau aonewe huruma akiwa anajua ni kwa nini.