Kabati la Mayai na Mlango Nisioufunga

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimesimama Gongo la Mboto mbele ya kabati lenye mayai mia mbili, na mtaa mzima uko mgongoni kwangu unangoja vifaranga. Kina mama wamekuja na vikapu, wengine na pumba kabisa. Tukangoja tangu asubuhi. Mpaka adhuhuri vikatoka vifaranga kumi na kimoja, na kimoja kinachechemea kama kimetoka vitani.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, maana hadithi ukiianzia kwenye aibu haieleweki.

Mie shule niliishia darasa la tatu. Nilitokea dirishani, na nadhani mwalimu mpaka leo ananingoja. Nikaangukia kwa Fundi Selemani, mtu wa Nachingwea, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio pale Tandika. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vya nje vinaingia mjini kama mvua ya masika. Fundi akapata kompyuta kuukuu, nzito, tuliibeba watu wanne na punda akakataa kusaidia. Akapata na kisanduku kidogo cha umeme kinachotii maagizo ukikiandikia kwa lugha inayoitwa BASIC. Akakifanya mlinzi wa joto wa kabati la kutotoleshea mayai: likipoa kinawasha taa za ndani, likizidi kinazizima.

Kabati lenyewe lilikuwa la Bi Zuhura, mjane, mzaliwa wa palepale. Mayai hayakuwa yake. Kila mama wa mtaa alimpa ya kuku wake ayatotoleshe, na yeye akawapa neno lake tu kwamba watapata vifaranga. Na mwanamke wa mjini akipoteza neno lake, mwanangu, hata chumvi haazimwi.

Sasa kazi yangu. Kompyuta tuliiweka palepale kwa Bi Zuhura. Waya ulitoka kwenye kisanduku ukaenda kwenye kompyuta, na kila baada ya dakika chache kisanduku kinatoa taarifa: joto ni hivi. Asubuhi nilitakiwa kuifungulia kompyuta milango miwili kwa neno OPEN. Wa kwanza ni wa ule waya, habari zipite. Wa pili ni wa faili, yaani daftari lake la ndani, habari ziandikwe chini ya zile za jana. Jioni, kabla ya kuzima, naandika CLOSE, milango yote inafungwa. Kusoma kulinipiga chenga, lakini mistari ile niliikariri kama dua.

OPEN niliipenda. CLOSE niliiona ni ya wachoyo. Kwetu mchana mtu hafungi mlango. Ukifunga, majirani watasema unakula nyama. Tena nilikuwa naziona namba kwa macho yangu zinapanda kwenye kioo, saa na joto, saa na joto. Nikasema, si nimeshaziona? Zitakwenda wapi? Jioni naiacha kisanduku na taa zake, nachomoa waya wa kompyuta ukutani, naenda zangu.

Basi siku ile ya vifaranga kumi na kimoja, Bi Zuhura akamgeukia Fundi. "Hiki kidude chako kimenipikia mayai ya watu!"

"Labda mayai hayakupandwa, Bi mkubwa. Jogoo wenu..."

"Jogoo wetu? Umewaona vifaranga mtaani humu? Kila mmoja ana uso wa jogoo wangu!"

"Basi tusibishane, daftari lipo." Fundi akaketi, akalifungua faili. Tupu. Siku ishirini na moja, hata herufi moja hamna. Akanitazama. "Ulikuwa unaandika CLOSE?"

Nikasema kompyuta yenyewe ni ya zamani, huenda imezeeka inasahau.

Kabla Fundi hajanijibu, Bi Zuhura akadakia. "Wewe kijana, asubuhi ukija hapa unapiga hodi, nakukaribisha. Jioni unaagaga?"

Nikaanza kukagua kucha zangu.

"Huagi! Kila siku nimekushikia sahani ya wali mkononi, sijui umeondoka au uko uani. Nikiufunika, labda unataka kula. Nikikuita, hupo. Mwisho wali unachacha, naumwaga."

Fundi akacheka mpaka akashika ukuta. "Bi Zuhura, umeijua mashine kuliko huyu ninayemlisha. Ndivyo inavyofanya! Habari ilikuwa imezishika mkononi, inangoja aseme amemaliza ndipo iziweke mahali pake. Huyu akaikata roho imesimama na sahani."

Kuona si kuweka, mwanangu. Hilo nililipata siku ile, mbele ya watu, na vikapu vitupu.

Mama Asha, shoga mkubwa wa Bi Zuhura, akasema, "Tutaleta mengine, Zuhura. Yakioza na hayo, shoga tafuta mwingine."

Yakaletwa. Safari hii nikaingia na hodi na OPEN, nikatoka na kwaheri na CLOSE. Siku ya nne Fundi akaja kulisoma faili. Akakunja uso. "Mbona kila siku saa kumi alasiri joto linaporomoka kama nazi?"

"Umeme huo," nikasema haraka.

"Umeme gani una adabu hivyo, ukatike saa kumi kamili siku nne? Nani anafungua kabati?"

Hapo jasho lilinitoka, ungeweka ndoo ingejaa. Ukweli ni kwamba saa kumi mabinti walikuwa wanapita kutoka bombani, na mie nilikuwa nawafungulia kabati, milango yote miwili, nawaeleza kwamba nimewafuta kazi kuku wa Tanzania nzima. Nusu saa nzima nahutubia, mayai yanapigwa upepo. Na mara ya kwanza nilifanya hivyohivyo siku zote ishirini na moja. Ningejua lile daftari litanitaja, CLOSE nisingeiandika maisha yangu.

"Ni mie," nikasema.

Bi Zuhura akatikisa kichwa. "Kumbe wewe na mlango hampatani kabisa."

Tangu hapo mabinti walipita saa kumi kabati limefungwa. Siku ya ishirini na moja, kelele za vifaranga zilisikika mpaka Pugu, na jogoo wa Bi Zuhura alitembea kifua mbele wiki nzima. Mama Asha alijaza kikapu akambusu shoga yake mashavu yote mawili. Mie jioni nikaaga. Nikaambiwa, "Ngoja kwanza," nikaletewa sahani. Wali wa moto, mwanangu, na kisamvu juu.

Sasa nakuambia. Kufungua kila mtu anaweza, hata mwizi anafungua. Ukianza kazi, imalizie. Ukiingia kwa watu, aga. Ukiona kitu kwa macho, usiseme umeshakiweka. Na likiharibika jambo, usikimbilie umeme wala jogoo wa watu. Tazama kwanza saa kumi yako ulikuwa wapi.

Mola akufungulie milango ya heri, akupe na mkono wa kuifunga taratibu nyuma yako. Na kila utakapoaga, uambiwe ngoja kwanza.