Nilimpelekea Mama salamu za marehemu

Mama yangu hajatamka neno, wala kujibu hata kwa kope, tangu apooze mwaka jana. Lakini wiki iliyopita, hapa nyumbani Miyuji, alinijibu maswali kupitia kompyuta. Majibu yale simtakii hata adui.

Naitwa Yudith.

Baba alifariki ghafla kwenye shamba lake la zabibu Makutupora, Mama akiwa kitandani mwezi wa pili. Kaka yangu Yoramu akatoa amri.

"Mama asiambiwe. Mkimwambia mtamzika na yeye."

Tukalilia uani, kanga mdomoni. Tukazika. Na kila jioni nikimlisha uji namwambia, "Baba anakusalimu. Zabibu zimembana huko."

Miezi saba. Mwongo mkubwa mimi!

Ndipo akaja mtafiti, Dokta Asma, na kofia yenye taa ndogondogo. Mwanga wake unapenya kichwani, kompyuta inaonyesha ubongo unavyofanya kazi. Ila nywele za Mama zilikuwa nzito, mwanga ukagoma kupita.

"Naomba tumnyoe," akasema.

Nikashika wembe bila kuwaza. Nilipomaliza, Mama machozi yanamtiririka.

Dokta akamvalisha kofia. "Mama, kama jibu ni ndiyo, jione unatwanga mtama. Kama ni hapana, tulia tu."

Nikaanza mimi. "Nimekukata?"

Mstari kwenye kompyuta ukalala: hapana.

"Kichwa kinauma?"

Ukalala.

Hapo ndipo akili ikanirudia. Kwetu mwanamke mzima hanyolewi kipara mpaka afiwe.

"Mama, unadhani tumefiwa?"

Mstari ukapanda: ndiyo. Dokta akarudia swali mara tano, ukapanda mara tano.

"Ni Baba?"

Ukapanda.

Nikapiga magoti. "Nisamehe Mama, wembe wangu ndio umekwambia!"

"Usimjibie," Dokta akasema. "Muulize."

"Umejua leo?"

Ukalala.

"Ulijua tangu siku tuliyolia uani?"

Ukapanda.

Miezi saba alikuwa mjane peke yake, mimi namletea salamu za mumewe.

Kesho yake Dokta akaenda na kofia kwa wagonjwa wengine. Nikakaa kitandani nikamsimulia Mama mazishi yote. Nilipomaliza akanikazia macho. Kuna kitu anataka kuuliza, na mpaka leo sijui ni kitu gani.

Wadau, mgonjwa wako akifiwa, mwambie. Kumficha si kumkinga, ni kumnyima watu wa kulia naye.