Mama, Ngoja Kidogo Nisome

Asubuhi moja ya msimu wa kabichi naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, tabibu wa mwaka wa pili kazini, kwenye zahanati ndogo ya mlimani, juu kabisa ya Mlali, mahali ambapo gari lilifika darajani tu na safari iliyobaki ilikuwa ya miguu. Koti langu jeupe nililipiga pasi ya mkaa kila siku. Watu wa umri wa baba yangu waliniita daktari, nami nikaanza kuamini kwamba anayeitwa hivyo hana la kuuliza.

Nakusimulia haya kwa sababu umepangiwa kituo chako cha kwanza cha utabibu, nacho kiko mlimani pia, na nimeona ulivyopanga mizigo yako. Shuka zimo, sufuria imo, viatu vya mvua vimo. Vitabu umeviacha kwa dada yako Kilakala, eti vizito. Kaa kwanza.

Wiki chache kabla ya asubuhi hiyo tulikuwa tumeletewa kutoka wilayani mwongozo mpya wa matibabu, kitabu kinene chenye jalada la bluu. Mimi ndiye niliyetia saini kukipokea. Nikakitupia kwenye droo ya meza yangu kikiwa bado ndani ya nailoni. Nilikuwa nimetoka chuoni na alama nzuri, na sikuona kingeniambia nini nisichokijua.

Basi akaletwa Mama Odilia. Alikuwa mkulima wa mboga, mwanamke wa makamo, mpole, aliyejulikana kijiji kizima kwa mikono yake ya kazi. Alikuwa akivuna kabichi, na kifutu, yule nyoka mnene asiye na haraka ya kukimbia, alikuwa amelala chini ya majani. Akamuuma mkono wa kulia. Mumewe na majirani walimleta wakimshikilia huku na huku, na mkono ulikuwa umeanza kuvimba.

Mwanangu, nilisita. Nakiri hilo. Nilikuwa nimewahi kumwona tabibu mmoja mzee akimfunga mpira mtu aliyeumwa na nyoka, lakini sikuwa na hakika. Mkono wangu ulikwenda hadi kwenye droo, ukaishia hapo. Dirisha lilikuwa limejaa watu wanaochungulia. Niliwaza, wakiniona nafunua kitabu watasema nini? Sista Perpetua, muuguzi aliyekuwa kazini hapo tangu mimi nasoma shule ya msingi, akaniinamia, akasema polepole, "Daktari, kile kitabu kipya kimo humo. Tukitazame kidogo."

Nikamjibu kwa sauti ili na walio dirishani wasikie, "Sista, mimi nimesoma miaka mitatu."

Nikachukua mpira, nikaufunga juu ya kiwiko kwa nguvu zangu zote. Nikachana pale palipoumwa. Nikawaamuru waliombeba kwa machela wasiuguse ule mpira hadi hospitali ya mjini. Walinitii. Walishuka naye mlima mzima, wakangoja gari darajani, wakafika mjini jua limeshapinduka, na mpira wangu ukiwa pale pale.

Jioni, zahanati ikiwa tupu, nilifungua ile nailoni. Ukurasa wenyewe haukujaa. Ulisema usifunge kamba wala mpira. Usichane, usinyonye. Mtulize mgonjwa, asitembee, mvue pete na bangili kabla hajavimba, kitulize kiungo kwa ubao na bendeji isiyobana, kisha mpeleke haraka hospitali. Niliusoma nikiwa nimesimama, nikausoma tena, na kila mstari ulinikuta nimefanya kinyume chake. Kuusoma kulichukua muda mfupi kuliko ule niliotumia kumjibu Sista kwa majivuno.

Mama Odilia alipona sumu. Vidole vitatu havikupona. Vilikufa, vikakatwa.

Jumamosi yake nilishuka mjini kumwona wodini. Nilimkuta ameketi kitandani, mkono umefungwa bendeji. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Mumewe alitoka nje bila kunitazama, na kwa miaka mingi baadaye hakunitazama, wala sikumlaumu. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kitaalamu kuhusu sumu. Yeye akanikatiza.

"Sista alikunong'oneza kitu ukakikataa. Alikuambia nini?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia na ukurasa ulivyosema, wote. Aliitazama bendeji yake, nami nikatamani anitukane. Kisha akasema, "Mimi sikuja kwako kwa kuwa unajua yote, mwanangu. Nilikuja kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwapo. Ungeniambia, mama, ngoja kidogo nisome, ningengoja."

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi niliuficha ujinga wangu kwa koti jeupe, gharama ikalipwa na mkono wa mtu mwingine. Majuto hayo yapo hadi leo. Lakini majuto peke yake ni kilio tu, hayamtibu mtu. Nilitoka wodini nimeazimia kwamba sitamgusa tena mgonjwa kwa kubahatisha jambo ambalo limeandikwa mahali ninapoweza kufika.

Siku hiyo hiyo niliulizia, nikaelekezwa kwenye maktaba ya chuo kimoja cha afya pale mjini, chumba kimoja chenye rafu sita na feni iliyokataa kuzunguka. Mtunzaji wake aliitwa Bi Salma, mama mfupi, mkali wa macho. Nikamwambia nataka vitabu vya nyoka. Akanisukumia karatasi na kalamu. "Sina haja na nyoka. Andika swali lako kwa mstari mmoja." Nilihangaika na mstari huo kuliko nilivyohangaika na mitihani. Mtu asiyejua anachouliza, mwanangu, huzunguka rafu zote akatoka mikono mitupu.

Nilipokwisha, akaniletea matoleo matatu ya mwongozo ule ule. La zamani kabisa lilieleza kufunga na kuchana, sawasawa na nilivyofanya. Nikamwuliza iweje vitabu vigombane. Akaeleza kwamba havigombani. Watu waliendelea kuwafuatilia wagonjwa, wakaona waliofungwa wanapoteza viungo, wakarekebisha. Lile la zamani alilifunga kamba na kulirudisha nyuma ya rafu. "Huyu ni marehemu," akasema. "Tunamheshimu, lakini hatumwulizi dawa." Akanifundisha kutazama mwaka kwanza, kisha nani kaandika na ameyajuaje. Akaniambia pia, mtu akiniletea karatasi ya kung'aa yenye sifa za dawa, niulize anauza nini.

Tangu hapo, kila mwezi, Jumamosi moja ilikuwa ya Bi Salma. Nilishuka alfajiri kwa miguu, nikapata gari Mlali, nikateremka stendi ya Msamvu mjini na maswali yangu yote kwenye daftari. Mvua za masika zilininyeshea, na mara moja niliteleza nikateguka kifundo, mwezi uliofuata nikashuka na fimbo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kule juu. Mganga mfawidhi wetu, yaani mkuu wa zahanati, alikuwa mtu mwema, lakini miongozo, hata kile cha bluu, aliifungia kabatini isichafuke, ili wakaguzi wakija waikute mipya. Nilimwomba ufunguo. Akasema tutaona. Nikaomba wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mwisho Sista Perpetua aliishonea miongozo majalada ya nailoni, akayaweka mbele ya mfawidhi, na mzee akacheka, akautoa ufunguo. Kila Alhamisi baada ya kliniki tukawa tunakaa watatu, tunasoma ukurasa mmoja na kuulizana kama dawa zinazotajwa tunazo, na kama hatuna, tufanyeje. Sista nilimwomba radhi mbele ya mfawidhi, kwa kuwa nilimdharau mbele ya watu.

Siku ya kwanza niliyosema yale maneno mbele ya mgonjwa, kitabu kilikuwa mezani tayari. Alikuwa mama na mtoto mwenye homa, na babu wa mtoto amekaa kwenye benchi. Nikasema, "Mama, ngoja kidogo nisome." Babu akaguna, akauliza daktari gani huyu anayesoma wakati wa kutibu. Nikafungua, nikampima mtoto uzito upya, na nikaona dozi niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya mtoto mkubwa kuliko huyu. Nikamweleza babu hivyo hivyo, bila kupunguza. Akasema, "Basi soma vizuri."

Miaka ilipita. Kijana mmoja akaumwa mguu na nyoka kwenye shamba la karoti. Alipofika kwetu hakuwa amefungwa kamba wala kuchanwa. Amelazwa kwenye machela, mguu umeegemezwa kwenye ubao, kiatu kimevuliwa. Nikauliza nani kafanya hivi. Wakasema ni Mama Odilia, aliyekuwa akipalilia jirani, ndiye aliyewazuia waliotaka kumfunga. Ukurasa niliomweleza wodini alikuwa ameufundisha bonde zima kwa kinywa chake, na kile kiganja cha vidole viwili ndicho kilichowafanya wamsikilize. Kijana yule anatembea.

Sasa wewe una simu, mwanangu, na maktaba nzima imo mfukoni mwako. Mimi nafurahi. Ila ukivuka ule mgongo wa mlima mtandao unakatika, kwa hiyo pakua miongozo yako huku chini, kabla hujapanda. Ule ujumbe unaozungushwa kwenye makundi ya wahudumu, usio na mwaka wala mwandishi, usiutibie mtu. Na vitabu kavichukue kwa dada yako, kwa kuwa betri huisha.

Nikufungie maneno yangu. Usione haya kusoma mbele ya mgonjwa. Ona haya kubahatisha. Muuguzi aliyekutangulia akikunong'oneza, tega sikio. Uliza swali dogo lililo wazi, tazama mwaka, tazama aliyeandika na ushahidi wake. Ukikosea, nenda kamwambie uliyemkosea, kwa kinywa chako, kisha ubadilike. Na ulichojifunza usikifungie kabatini.

Mungu akupe macho yasiyochoka kusoma na ulimi usioogopa kusema sijui. Akulindie mikono yako, na kila mkono utakaowekwa ndani ya mikono yako. Panda mlima salama, mwanangu.