Karatasi Kwenye Kaseti

Kaka yangu alijirekodi akiimba juu ya wimbo wa roki, sebuleni kwetu Igogo, kisha akavunja vijino vya kaseti ili mtu asije akaifuta. Alipolazwa hospitali, mimi nikapagawa na wimbo uleule uliogeuzwa disko, mdundo kama nyundo juu ya bati. Sikuwa na kaseti tupu. Mpumbavu mimi, nikaziba kwa karatasi vitundu vilivyoachwa na vijino, ili irekodi tena, nikarekodi disko juu ya sauti yake. Nilijua akipona ataimba tena.

Hakupona. Tulipomaliza matanga, mama akasema, “Niwekee mwanangu nimsikie.” Nikashindwa kumwambia, nikaiweka. Disko likatutwanga upande mzima, mama kainamia redio. Ulipoisha akasema taratibu, “Geuza. Labda yuko upande wa pili.”