Chenga za Mama Mkwe

Mie ni mtu wa kusema, tangu utoto wangu. Lakini mama mkwe alipoteremka kutoka milima ya Usambara kuja kwetu Kinondoni, nilikaa kimya kama maji ya mtungini. Nilikuwa na miezi minne tangu niolewe na mwanawe, na yeye hakuja harusini. Asubuhi ya siku ya kufika kwake, mume wangu, aliyekuwa karani, aliniambia huku akifunga kamba za viatu, bila kunitazama:

"Mama akikukataa, itabidi urudi kwenu Temeke. Sitaweza kushindana naye."

Kisha akaenda kumpokea kwenye basi.

Mama mkwe alikuja na kapu la mapichesi. Sie wa pwani wengi tulikuwa hatujawahi kuyaona: tunda la manjano lenye wekundu ubavuni, ngozi yake ina vinyweleo, na ndani kuna kokwa gumu. Safari ilikuwa imeyaivisha mno, mengine yalishaanza kubonyea.

"Kesho utayapikia keki," alisema. Keki ya kwao, aliyojifunza katika usichana wake kwenye jiko la wamisheni. Halafu akaongeza, "Au watu wa pwani mnajua wali tu?"

Mume wangu akacheka. Nilichukia kicheko kile kuliko maneno yenyewe.

Kesho yake, kabla hawajakwenda Msasani kusalimia jamaa zao, mama alinieleza mara moja tu, amesimama mlangoni. Unga wa ngano na hamira na mayai mawili, kanda, acha uumuke. Mapichesi yapasue, toa kokwa, yapange juu ya unga.

"Mwisho kabisa mwaga chenga, zifunike matunda yote."

"Ndiyo, mama."

Kwetu chenga ni mchele uliovunjikavunjika, ule unaobaki kwenye ungo ukishapepeta. Mchele juu ya keki? Nilitaka kuuliza, ulimi ukakataa. Wanasema kuuliza si ujinga, lakini wanaosema hivyo hawakuwa wanangoja kurudishwa kwao na sanduku kichwani.

Chenga nilikuwa nazo kwenye kopo, za kupikia uji. Nikazikaanga kwa siagi na sukari mpaka zikabadilika rangi, nikazimwaga juu ya mapichesi yote, sikubakiza hata moja. Sufuria nikaiteleka kwenye jiko la mkaa, moto mdogo chini, makaa mengine nikayapakia juu ya kifuniko. Keki ya namna hii haikuachi ukae. Moto wa chini ukizidi, imeungua; wa juu ukipungua, imebaki mbichi. Saa nzima nilichuchumaa pale uani, nikiongeza kaa moja, nikiondoa kaa moja, nikinusa kama paka. Harufu ilipotoka ilikuwa nzuri sana, nikajipa moyo.

Walirudi saa kumi. Nikakata kipande cha mama, nikampa. Akauma. Kitu kikalia mdomoni mwake kama changarawe. Akaacha kutafuna, akatoa punje moja kwa vidole, akaitazama.

"Hizi ni nini?"

"Chenga, mama. Ulisema nimwage chenga."

"Unga, sukari na siagi, unafikicha kwa vidole mpaka ziwe chengachenga. Ndizo chenga hizo." Akaweka ile punje ukingoni mwa sahani. "Wewe umenitilia mchele."

Mume wangu akakohoa, akainuka kwenye kiti. Nikajua nimekwisha.

"Kwa nini hukuuliza?" mama akasema.

Hapo hasira ikanipanda, na mie nikipanda sishuki. "Nimuulizeje mtu aliyekuja kunirudisha kwetu?"

Akaitua sahani. "Nani kakwambia?"

Nikamwonyesha mwanawe kwa kidevu. Alikuwa ameshafika mlangoni.

Mama alimgeukia taratibu. "Uliniandikia kwamba mkeo hataki kuniona. Kwamba nisije harusini, nitamtia aibu mbele ya watu wa mjini. Nimesafiri siku mbili nije nimuulize mwenyewe nilimkosea nini."

"Mama, siyo hivyo."

"Ni vipi?"

Akainamia kamba za viatu vyake. Hapo nikaelewa. Alitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, wote wawili, kila mmoja amwogope mwenzake, naye akae katikati apendwe. Niliona aibu kwa ajili yake, halafu nikaona uchungu, maana nilikuwa nampenda.

Mama alisogea kwenye mkeka, akapapasa nafasi kando yake, nikakaa. Akachukua kipande kingine, akala polepole, mchele ukilia menoni mwake. "Moto umeupata vizuri," akaniambia. Nikachukua changu, nikala na mie.

Mume wangu alibaki amesimama mlangoni, anangoja kukaribishwa. Hakuna aliyemkaribisha.