Kasi ya Afande

Nianze na mimi mwenyewe, maana watu wakisimulia makosa yao hupenda kuanza na hali ya hewa. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nina miaka arobaini na moja, mke na watoto wawili, na mwaka juzi nilimwibia mtu mwenye mguu mbovu mbio zake kwa sababu nilichoka kumenya viazi.

Tuliishi ploti moja ya vyumba vya kupanga hapa Majengo, Nyeri, milango ikitazamana. Yeye alikuwa polisi, mtu wa magharibi, familia yake ilibaki huko. Alikuwa dereva mpaka siku gari lao lilipobingirika kwenye barabara ya Nanyuki, mguu wake ukavunjika mahali patatu. Wakamtia vyuma, wakamweka kwenye meza ya kuandika ripoti. Kazi hiyo aliichukia. Alitaka kitu kimoja tu duniani, arudishiwe usukani, na daktari alikuwa amempa miezi sita apone kisha ampime na kumwandikia barua. Nilimwita afande, yeye akaniita mwalimu. Jumapili baada ya kanisa tulicheza gemu ya mpira kwenye kompyuta yangu ya zamani.

Sheria ilikuwa moja. Anayeshindwa anapikia nyumba zote mbili chakula cha mchana, na anapika nje, kwenye jiko la korido, akina mama wakifua nguo hapo hapo. Ploti nzima ilingoja kuona ni nani atatoka na karai la viazi.

Shida ililetwa na ujuaji wangu. Nilikuwa nimejifunza kufungua faili za ile gemu na kubadilisha wachezaji. Nikaona, mbona tucheze na watu wa ng'ambo ambao hata hawatujui? Nikatengeneza timu mbili, vyumba vya upande wake wa korido na vyumba vya upande wangu. Fundi wa viatu nikamweka beki, keateka, yule mtunza ploti, akawa kipa wa upande wangu, na mimi, bila aibu, nikajiweka mshambuliaji. Kila mchezaji lazima apewe namba za kasi, nguvu na shabaha, kuanzia moja mpaka mia. Nilipofika kwa afande nilisita. Alikuwa ameketi karibu nami, fimbo yake katikati ya magoti, na aliona nimesita.

"Mwalimu," akasema, "niweke vile nilikuwa. Usiniweke vile niko."

Nikamwandikia kasi ya tisini na tatu. Alikuwa amecheza winga akiwa sekondari, na nilimwamini. Siku ya kwanza alipomwona huyo mtu wake mdogo akitimua mbio kwenye skrini, aliusahau mpira kabisa. Akawa anamkimbiza tu kandokando ya uwanja, anaenda, anarudi, na mimi nikamfunga bao mbili bila kuzuiwa na mtu. Alicheka mpaka akashika ubavu. Siku hiyo alipika akiimba.

Halafu akaanza kunishinda. Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tano. Mpira ukimfikia winga wake, hakuna beki wangu aliyemshika. Mke wangu alinikabidhi kisu cha viazi akiniambia asiyekubali kushindwa si mshindani, na akina mama kule kwenye mabeseni wakacheka. Mmoja akauliza kama napokea kazi za kupika harusini. Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Nilichuchumaa pale na moshi machoni nikijiambia kwamba kompyuta ni yangu, timu nimezitengeneza mimi, na hiyo tisini na tatu ilikuwa ya kukisia tu. Nani amepima? Jumatatu nikafungua faili nikaandika themanini na nane. Nilisema nasahihisha.

Nikashindwa tena. Nikashuka themanini, kisha sabini na moja. Nilipofika sitini na nne nikashinda, na kwa kuwa faili ilikuwa wazi nikajiongezea mwenyewe mpaka tisini na nne. Yeye hakujua hata hizo namba hufunguliwa wapi. Aliniachia mimi.

Jumapili tatu mfululizo alipika yeye. Hakulalamika, lakini nikaona ameanza tabia ya kukunja na kukunjua vidole kila mara anapoweka padi ya kuchezea chini. Aliniuliza kama naona anachelewa kubonyeza. Nikamwambia labda ni baridi ya Julai, hapa Nyeri hata mawe hutetemeka. Nilisema hivyo nikimwangalia usoni.

Wiki yake ya kupimwa, Jumatano, alikuja kunywa chai kwetu. Akanieleza jambo ambalo sikuwa nalijua. Baada ya ajali daktari alimwonya kwamba mgongo pia uliumia, na akisikia mikono imekuwa mizito aseme, kwa sababu hiyo ni dalili mbaya. Alikuwa ameamua kusema Ijumaa, siku ya kupimwa. Mke wangu akamuuliza kama ni lazima, maana usukani umekaribia kurudi.

"Siwezi kuficha," akasema. "Nikibeba watu na mikono yangu haiskii, si nitawaua?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pangu. Chai ilikuwa mkononi, mlango umefungwa, hakuna mtu wa nje. Ningesema maneno kumi tu. Badala yake nikamwambia ni vizuri mtu kuwa mkweli. Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno. Na wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemwita shuleni mzazi wa msichana aliyebadilisha thelathini na nane ikawa themanini na nane kwenye karatasi ya matokeo, nikamhubiria mama wa watu nusu saa.

Ijumaa alirudi na barua. Asiendeshe gari kwa miezi sita mingine, na mgongo upigwe picha. Nafasi ya dereva iliyokuwa wazi haingemngoja.

Jumapili hakuja kucheza. Nilimfuata kwake nikamkuta akichambua maharagwe, pole pole, moja moja, akijipima vidole. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia yote, kutoka tisini na tatu mpaka sitini na nne, nikiwa nimesimama mlangoni kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Nilitegemea anitukane. Lakini kwanza alitazama mikono yake, mbele na nyuma, na uso wake ukafunguka. Akacheka. Akamwita mke wangu kutoka ng'ambo ya korido aje asikie, mikono yake ni mizima, ni mwalimu tu alikuwa anamchezea. Alinishika bega kwa furaha. Sijawahi kuona haya namna hiyo maishani, kushikwa bega na mtu niliyemuumiza, akinishukuru. Kisha kicheko kikapungua, na nikaona anarudi nyuma kwa siku, anahesabu.

"Jumatano ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa najua. Akarudi kwenye maharagwe yake.

Jumatatu aliniomba kitu kimoja tu, twende pamoja kwa daktari nikamweleze kwa mdomo wangu. Daktari alikuwa mama kijana, na aliniuliza kama mimi ni ndugu wa mgonjwa. Nikasema ni jirani. Nikaeleza gemu, namba, viazi. Aliacha kuandika akanitazama, akauliza ni viazi gani. Afande alikuwa akitazama ukuta. Nikarudia tena kuanzia mwanzo.

Wakampima upya, picha ya mgongo ikaja safi, barua nyingine ikaandikwa. Lakini gari lilikuwa limeshapata dereva. Mwezi uliofuata alihamishwa kituo cha mbele ya Nanyuki, kwenye meza nyingine ya kuandika ripoti.

Asubuhi ya kuhama, pikapu ikiwa imepakiwa kitanda na jiko, aliingia kwetu na fimbo yake. Mke wangu akampa chai, hakunywa.

"Mwalimu," akasema, "nitoe kwa hiyo timu."

Nikamwambia kasi yake nilishairudisha, tisini na tatu, na sijaigusa tena. Akasema sawa, lakini nimtoe. Nikamwambia nitafanya hivyo jioni, asiicheleweshe pikapu. Hakuondoka. Alivuta kiti akakiweka nyuma ya bega langu, akanyoosha ule mguu wenye vyuma, na akaangalia kila kitufe nilichobonyeza mpaka jina lake likatoka kwenye orodha.